Ncha ya Pili

Jumanne na Alhamisi, tukishazima msumeno,
natoka kiwandani na unga wa mbao nyusini
kwenda kukaa kwenye dawati la watoto,
magoti yakigonga kwa chini,
nyuma ya kanisa, Mafinga, mwezi wa saba.
Ukungu umeingia darasani bila kulipa ada.

Kamwene, Mwalimu Luvanda.
Kamwene, na koti lako la mvua lenye chaki mfukoni.

Leo ni maneno mawili madogo ya Kiingereza,
for na since.
Yote yanashughulika na muda, anasema, lakini msiyachanganye.
Tukayaandika tulivyoyasikia: foo. Sinsi.
Bonifasi wa gereji akauliza kwa nini Waingereza
wasitosheke na moja, watu tukalale.

For, akasema mwalimu, hufuatwa na urefu:
siku tatu, miezi minne, masika mawili.
Since hufuatwa na pale jambo lilipoanzia:
Jumatatu, mwaka juzi, saa ile kengele ilipolia.
Na kitenzi kinachotembea na since
(akapiga mstari hadi chaki ikakatika)
hakijafunga mlango. Ni kama -me- yetu:
amelala, na hata sasa hivi amelala.

Mimi, ambaye kazi yangu ni futi,
nikaelewa kwa njia ya mbao.
For ni ubao: ncha huku, ncha kule,
mbili kwa nne, futi kumi na mbili,
unaandikwa namba, unapakiwa, unakwenda Dar,
hakuna anayeulilia.
Since ni msindano ambao bado uko Sao Hill,
umeshika ardhi upande mmoja tu,
na kule juu, usiku huu huu, unaongeza.

Leokadia Kikoti, yule wa viazi vya stendi,
akaitwa mbele atunge sentensi.
Akaandika nusu Kiingereza, nusu yake mwenyewe:
mume wangu ameondoka since dhahabu ya Chunya.
Mwalimu akatabasamu. Hiyo si tarehe, mama.
Basi tumia for. Weka miaka.
Chaki ikasimama hewani.
"Nikiiweka, mwalimu,
nitajua ni mingapi."

Mtu akakohoa. Jenereta la jirani likajaza pengo.

Kabla ya kutuaga, mwalimu akatuongezea kitu
kama muuza nyanya anavyotupia moja juu ya fungu:
since ina kazi ya pili. Kwa kuwa. Maadamu.
Hapo hakuna saa wala kalenda, ni sababu tu,
na neno lenyewe halibadilishi hata herufi;
mpaka usome kinachofuata.
Bonifasi akasema, si niliwaambia.
Leokadia akafungua daftari ukurasa wa nyuma kabisa
akaandika hilo peke yake.

Tulishuka pamoja hadi njia panda, simu moja ikitumulikia.
"Tangu aondoke," akasema, "sijaugusa msumeno wake."
Tukatembea. Matope, kisha lami, kisha matope.
"Kwa kuwa ameondoka, nimeuuza.
Jana. Laki na themanini, pamoja na mnyororo wa akiba."
Sikujua aliyesema mara ya kwanza
na aliyesema mara ya pili
kama walishakutana.
Nikamwuliza bei ya viazi.

Alhamisi zikaja fomu za darasa:
jina, kazi, mwanafunzi kuanzia, nukta nyingi, hadi, nukta nyingi.
Mimi nilijaza kote kwa mazoea ya mkono,
kuanzia Mei, hadi Desemba,
nikapuliza karatasi kana kwamba ina unga.
Yeye akaandika tarehe ya siku ile,
siku ambayo alikuwa amekwisha kusoma wiki tisa,
akafunika kalamu,
akairudisha fomu na nukta zake.

Mwalimu aliiangalia.
Hakutoa kalamu nyekundu.